Nyanya Yuko Ndani, Amelala

Jirani yule nilimshuku kabla hata hatujamaliza kushusha godoro. Mume wangu jasho linamtiririka, binti yetu wa miaka tisa amekumbatia sufuria kubwa ya ugali kama mtoto mchanga, na yeye anatoka kwake, mama wa kizungu mwenye nywele fupi nyeupe, anasimama kwenye nyasi zake na kuanza maswali. Mtoto anaingia darasa la ngapi? Atakuwa akipanda basi la shule? Na nyinyi mnafanya kazi saa ngapi? Nilimjibu kwa adabu niliyolelewa nayo, lakini moyoni nikasema, huyu anatupeleleza.

Hiyo ilikuwa Sterling, Virginia, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumetoka kwenye ghorofa la kupanga tukanunua nyumba nyembamba iliyobanwa katikati ya nyingine, ukuta kwa ukuta, ndege zikishuka juu ya paa mchana kutwa. Kwenye ghorofa hakuna aliyetujua na hakuna aliyetaka kutujua, na mimi nilikuwa nimeizoea raha hiyo. Hapa kila mtu alikuwa na kibaraza, na kila kibaraza kilikuwa na macho.

Na sisi tulikuwa na jambo la kuficha. Mume wangu alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, zamu ya jioni, kwa hiyo saa nane mchana alikuwa ameshaondoka. Mimi nilikuwa nikitunza wazee kwenye makao yao huko Springfield, na foleni ikinihurumia nilifika nyumbani saa kumi na moja. Basi la shule lilimshusha binti yetu saa tisa na nusu. Katikati hapo mtoto alikuwa peke yake, ufunguo shingoni, mlango umefungwa kwa ndani, pazia limeshushwa.

Haikuwa ndiyo nia yetu. Nia yetu ilikuwa mama yangu aje akae naye. Chumba chake tulikitengeneza kabla hata hatujanunua viti vya sebuleni. Nilimnunulia koti zito la rangi ya zambarau, soksi za sufu, kofia na mtandio mkubwa, maana nilijua baridi ya huku itamtoa machozi. Ubalozi ukamnyima viza. Akaomba tena, wakamnyima tena. Aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, kwani wanafikiri nitakuja kuwaibia nini?" Koti likabaki kabatini na lebo yake ya dukani.

Kanisani kwetu, ibada ikiisha na chai ikimiminwa, hadithi ilikuwa ni ileile. Familia fulani kule Manassas ilimwacha mtoto peke yake nyumbani, jirani akapiga simu, serikali ikaja na gari ikamchukua mtoto. Hakuna aliyeijua familia hiyo kwa sura. Lakini kila mama pale alikuwa ameshawahi kuiota, na mimi niliiota zaidi ya mara moja. Ndiyo maana nilimfundisha binti yangu la kusema. Mtu yeyote akikuuliza nani yuko nyumbani, sema nyanya yuko ndani, amelala.

Uongo huo ulikuwa mdogo na ungetosha kabisa laiti ungeachwa hivyo. Lakini binti yangu ana ulimi wa upande wa baba yake. Jirani alipomuuliza siku ya kwanza, alisema nyanya amelala. Siku ya pili akaongeza kwamba nyanya amebakiza meno machache. Baadaye nyanya akawa anamwimbia nyimbo, anamsimulia hadithi za fisi, anapenda vitu laini na hapendi kelele. Nilipogundua, nyanya wetu alikuwa na maisha kamili upande wa pili wa ukuta.

"Nani alikutuma useme yote hayo?" nilimfokea.

"But Mum, she keeps asking," akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. "I had to say something."

Oktoba ikaja, na ule mtaa ukaota makaburi. Sitanii. Niliondoka asubuhi nikiacha nyasi, nikarudi jioni nikakuta mawe ya makaburi ya plastiki mbele ya nyumba za watu wazima wenye akili zao. Mlango wa tatu walitundika mifupa ya mtu kwenye mti. Jirani yangu naye akasuka utando wa buibui kwenye vichaka vyake, taratibu, kama mtu anayepamba kanisa kwa ajili ya harusi. Kwetu magharibi mwa Kenya, mtu akichimba kaburi uani bila maiti anaitwa na wazee wa ukoo siku hiyohiyo ajieleze. Hapa walimletea kahawa na kumsifu.

Halafu kulikuwa na malenge. Kila kibaraza kilikuwa na malenge mawili matatu, makubwa, mazuri, chakula cha familia nzima, yametobolewa macho na meno na kuachwa yaoze. Hilo liliniudhi kuliko mifupa. Jirani alituletea moja, akalikalisha kizingitini kwetu wakati mimi niko kazini. Nililizunguka nikilitazama. Kwa nini mtu akuwekee kitu mlangoni usipokuwepo? Kwenye ibada mchungaji alikuwa ameshatuonya kwamba Halowini hii, ambapo watoto huvaa kama mizimu na kuomba peremende mlango kwa mlango, ni sikukuu ya shetani. Nikaliombea kwanza, nikalikata, nikalichemsha, tukala na maziwa. Lilikuwa maji matupu, halina utamu wowote. Jirani alipouliza kesho yake tumelichonga sura gani, nilimwambia nyanya alilitaka kwa chakula cha jioni. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi sikuona kilichomchekesha.

Kazini nilikuwa na rafiki mmoja, mwanamke wa Tanga, mcha Mungu, ambaye tulikuwa tukigawana chapati wakati wa mapumziko. Nilimweleza yote.

"Shoga yangu," alisema, "mtu akikuulizia mzee wako kila uchao, ana lake jambo. Sasa wewe huyo bibi utamtoa wapi?"

"Si ataacha tu kuuliza?"

"Thubutu! Huyo hata boga hakulileta bure. Alitaka kuona nani atafungua mlango."

Alikuwa akinitisha kwa mapenzi, lakini yaliyotokea wiki hiyohiyo yalionyesha hakukosea. Nilikuwa nashuka garini, jirani akanijia na mkono kifuani.

"Nina wasiwasi na mama yako," alisema. "Mwezi wa pili sasa sijamwona hata dirishani. Analala kila siku. Je, ameonwa na daktari?"

Kazini kwetu tulifundishwa, tena kwa kurudiarudia, kwamba ukihisi mzee amefungiwa ndani, haonekani, hatoki, hapelekwi hospitali, ni wajibu wako kupiga simu. Wanakuja watu. Wanataka kumwona mzee mwenyewe. Wakija kwangu kumtafuta mzee watakuta chumba kitupu, na katika chumba hicho watajua mtoto amekuwa akikaa na nani. Nilikuwa nimemkimbia chui nikaingia pangoni kwake.

"Yu mzima kabisa," nilisema. "Ni baridi tu inayomchosha."

"Basi Jumamosi nitakuja kumsalimia," akasema. "Ni Halowini, sote tutakaa nje na watoto. Nitamletea juisi ya matofaa ya moto na mkate wa malenge. Sitaweka njugu, kwa ajili ya meno yake."

Kwa ajili ya meno yake! Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Usiku huo tulizozana mimi na mume wangu jikoni kwa sauti za chini, maana ukuta ulikuwa mwembamba. Yeye alitaka tuseme nyanya amerudi Kenya.

"Na viza yake tuseme imeisha lini?" nilimuuliza. "Na mtoto sasa anabaki na nani? Ata-call tu. Mimi nakwambia huyo mama ata-call."

"Sasa unataka tufanye nini?"

Nilimwangalia. Mimi jirani alinijua uso, sauti, hata pengo langu la meno. Isitoshe ni mimi ambaye ningesimama mlangoni kugawa peremende na kuwa mkalimani wa mama yangu. Lakini mume wangu, tangu siku ile ya kushusha godoro, jirani alikuwa akimwona mgongo tu, akikimbilia gari saa nane.

Alipoelewa alisukuma kiti nyuma. "Nivae nguo za mama mkwe? Wewe una wazimu? Unataka nilaaniwe?"

Na hapo hakuwa anatia chumvi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Siku mama alipotutembelea Nairobi, mume wangu alikula chakula chake chumbani, na waliongea wakiwa na mlango katikati yao. Kukaa tu kwenye kiti chake ni aibu. Kuvaa nguo yake ni jambo lisilo na jina.

"Lile koti hajalivaa," nilimwambia. "Lina lebo ya dukani. Hajaligusa, hajaliona. Sasa ni lake kwa njia gani?"

Katika chumba cha juu binti yetu alikuwa akiongea usingizini. Mume wangu alisikiliza mpaka alipotulia, kisha akasema, "Na masharubu?"

Masharubu hayo alikuwa nayo tangu chuo cha ualimu. Jumamosi asubuhi aliyanyoa akiwa amenipa mgongo, na alipogeuka sikucheka, kwa sababu alikuwa amegeuka mtu mwingine, mdogo na mwenye huzuni.

Jua lilipoanza kuzama watoto wakamwagika barabarani. Binti yetu alikuwa malaika. Mengine yote aliyoyataka tulimkatalia, hapakuwa na mzimu wala mchawi wa kutoka nyumbani mwetu. Nilimshonea shuka jeupe, nikamwagiza akae karibu nami, asile kitu chochote kisicho na karatasi, asiingie nyumba ya mtu. Katika kila mfuko wa peremende niliona sindano iliyofichwa na mtu mbaya. Katika kila mzazi aliyenipungia mkono niliona mtu anayehesabu watu wa nyumba yangu.

Mume wangu tulimweka ndani kidogo ya mlango ambako taa haikufika vizuri, kwenye kiti cha mikono, koti la zambarau hadi magotini, kofia, mtandio umefunika kidevu, miwani ya kusomea puani, bakuli la peremende mapajani. Miguu yake mikubwa tuliifunika blanketi. Watoto walipokuja walimtazama wakidhani ni pambo la sikukuu, na alipoinua mkono kuwapa peremende mmoja alipiga yowe akakimbia. Baba mmoja alimwambia kazi nzuri sana. Mtaa mzima ulikuwa umejigeuza usiku huo, na sisi pekee ndio tuliokuwa tunatetemeka.

Jirani alikuja amevaa kofia ndefu nyeusi ya kichawi. Nilisema moyoni, angalau leo amevaa sare yake. Mkono mmoja ulishika birika lililofuka harufu ya mdalasini, mwingine sahani iliyofunikwa kitambaa. Alipomwona nyanya alisimama. Kisha akaivua kofia, akaiweka chini, akapita pembeni yangu na kupiga magoti mbele ya kile kiti.

"Hatimaye," alisema.

Alimmiminia juisi kwenye kikombe. Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kwa wakubwa, na akanywa huku ameinamisha kichwa. Hilo la kuinama halikuwa maigizo. Aliona aibu ya kweli. Jirani akauchukua mkono wake wa kulia, akaushika katikati ya mikono yake. Ule ulikuwa mkono wa mtu anayerusha masanduku hadi usiku. Una sugu kiganjani, una kucha moja iliyobanwa na mlango wa ndege. Mama yule aliushika kwa muda mrefu. Aliugeuza. Niliyaona macho yake yakitoka mkononi, yakienda kwenye kidevu, yakishuka kwenye blanketi ambalo lilikuwa limeteleza, yakatulia kwenye kiatu kimoja cha kazini.

Nilihesabu hatua za kufikia simu yake. Nilimtafuta binti yangu kwa macho, nikamwona kwenye nyasi akigawana peremende na watoto wengine, shuka lake limechafuka matope. Nilifikiria kumnyakua, kumtia garini, kuendesha tu hadi petroli iishe.

Jirani hakuinuka. Alianza kuongea, polepole, akimtazama nyanya usoni na sio mimi.

"Una mjukuu mzuri," alisema. "Kila siku namwona akifungua mlango. Anaangalia nyuma mara mbili kabla ya kuingia. Nimeambiwa wewe mchana unahitaji kulala. Mimi mchana nimekaa tu, sina la kufanya. Akishuka basi, aje kwangu mpaka mama yake arudi. Hapo utalala bila kusumbuliwa. Utaniruhusu?"

Niliwahi mbele nikitaka kusema hapana, asante, tusingependa kukusumbua, maneno yote yale. Lakini hakuwa ameniuliza mimi. Na kabla sijafungua mdomo ile kofia ya sufu ikashuka na kupanda. Nyanya alikubali.

Tulipofunga mlango nilimvamia mume wangu hajavua hata miwani.

"Umempa mtoto! Ameona kiatu chako, amejua kila kitu, sasa atamkalisha mezani amuulize maswali yote anayoyataka. Kwa nini uliitikia?"

"Mimi sikusema neno," alijibu, akivua koti kwa uangalifu na kulitundika. "Nyanya ndiye aliyekubali. Na mimi siwezi kumpinga mama mkwe."

Jumapili sikumweleza mtu kanisani. Jumatatu nilikwenda kazini. Rafiki yangu wa Tanga aliposikia aliacha chapati yake. "Umempeleka mwenyewe, kwa miguu yake?" aliuliza. "Haya, Mungu akustiri." Nilimlisha mzee mmoja uji mpaka akaniomba nipunguze kasi. Foleni ya jioni ilikataa kusogea, na ndani ya gari nilimwomba Mungu, kisha nikamgombeza, kisha nikamwomba tena.

Nilipokunja kona niliona gari jeupe limeegeshwa mbele ya nyumba ya jirani, lina maandishi ubavuni. Sikuyasoma. Niliacha mlango wa gari langu wazi nikakimbia, nikaugonga mlango wake kwa viganja vyote viwili. Mwanaume mwenye ovaroli na spana mkononi alikuwa akitoka. Alikuwa amekuja kutengeneza mtambo wa kupasha nyumba joto. Aliniangalia akanipisha.

Binti yangu alikuwa mezani jikoni, hesabu zake mbele yake, vipande vya matofaa vimechovywa kwenye sukari iliyoyeyushwa, kidevu kinanata. Ufunguo ulikuwa umetoka shingoni, uko juu ya meza. "You're early," aliniambia. Sikuwa nimewahi. Ni yeye ambaye, kwa mara ya kwanza, hakuwa akiningoja.

Nilisimama pale nikihema kama mbwa. Jirani alimsaidia kukusanya vitabu. Kisha akanipa kipande cha mkate wa malenge kilichofungwa kwa karatasi.

"Cha nyanya," alisema.

Nilikipokea. Mdomo wangu ulifunguka. Nilitaka kumwambia yote, viza, koti, foleni, zamu ya jioni, na kwamba huko nyumbani kwetu hakuna mama anayemwacha mtoto peke yake kwa sababu hakuna mtoto anayekuwa peke yake. Nilitaka kumuuliza pia kama ameshapiga simu au atapiga lini. Hakunipa nafasi. Alinitazama machoni, kwa utulivu, kama mtu anayeuliza saa.

"Bado amelala?"

"Bado amelala," nilisema.

"Usimwamshe," alisema. "Mtoto atakuwa akishukia hapa, mpaka nyanya aamke."